Namba Moja kwa Kikao Kimoja: Kusoma kwa Pamoja Tafiti za Siasa Zenye Takwimu

Swali: Tuko watu wanane tunaokutana kila baada ya wiki mbili, bila utaratibu rasmi, kusoma makala za sayansi ya siasa zinazotumia takwimu. Wawili wetu wamesomea takwimu, mmoja ni mwandishi wa habari, na waliobaki tulisoma siasa chuoni. Mwanzoni vikao vilichangamka. Siku hizi mmoja huandaa slaidi na kutueleza makala nzima kwa dakika arobaini, wale wawili hubishana juu ya regresheni (njia ya kitakwimu ya kulinganisha makundi yanayofanana katika mambo mengine), na sisi wengine ama tunanyamaza ama tunaishia kubishana siasa zenyewe. Je, tusimame kwanza tujifunze hesabu, au kuna namna nyingine?

Jibu: Msisimame. Hesabu mtajifunza njiani, na kiasi mnachokihitaji ni kidogo kuliko mnavyodhani. Nimeshiriki katika vikundi vya aina hii kwa miaka mingi. Vingine vilidumu, vingine vilikufa kabla ya kikao cha sita, na sikumbuki hata kimoja kilichouawa na hesabu. Vilivyokufa viliugua ugonjwa huohuo unaoueleza: mtu mmoja hubeba mzigo wa kusoma kwa niaba ya wote, wengine huja kusikiliza, na baada ya muda hata kusikiliza kwenyewe kunachosha, kwa sababu muhtasari anaoutoa mwenzako hauzidi sana ule uliokwisha kuchapishwa mwanzoni mwa makala.

Desturi ya kusoma majarida kwa pamoja ilistawi kwanza miongoni mwa madaktari. William Osler, alipokuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, alianzisha kikundi cha namna hii mwaka 1875 ili majarida ambayo hakuyamudu peke yake yanunuliwe kwa kuchangiana. Leo makala nyingi hupatikana kwenye intaneti bila malipo, kwa hiyo kilichobaki kuwa adimu ni muda wa watu na macho yao, na kikao kinachowaweka watu saba kimya kwa dakika arobaini kinafuja vyote viwili.

Ushauri wangu ni kwamba mbadilishe kipimo cha kikao. Lengo lisiwe tena kumaliza makala, bali kuielewa namba moja iliyomo ndani yake, ile ambayo hoja nzima ya mwandishi imeegemea, kiasi kwamba kila mmoja wenu anaweza kuondoka akiieleza kwa sentensi yake mwenyewe. Sentensi hiyo itaje namba inapima nini, inamlinganisha nani na nani, ingeweza kuyumba kwa kiasi gani, na ni jambo gani lazima liwe kweli ndipo tuiamini. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ngumu, na ndiyo ambayo wasio watakwimu mara nyingi huifanya vizuri kuliko watakwimu.

Nitaonyesha kwa mfano, kwa kuwa ushauri usio na mfano ni rahisi kuukubali na vigumu kuutumia. Mwaka 2008 Alan Gerber, Donald Green na Christopher Larimer walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya katika jimbo la Michigan, Marekani, kabla ya uchaguzi wa mchujo wa Agosti 2006. Kaya zipatazo 180,000 ziligawanywa kwa bahati nasibu. Kaya 100,000 hivi hazikupata barua yoyote, na zilizobaki ziligawanywa katika makundi manne, kila kundi likipata barua ya aina yake. Barua ya kwanza ilikumbusha tu wajibu wa raia wa kupiga kura, ya pili ilisema kwamba mpokeaji anafuatiliwa katika utafiti, na ya tatu iliorodhesha nani katika kaya hiyo alipiga kura chaguzi zilizopita na nani hakupiga. Barua ya nne iliongeza rekodi za majirani kwa majina, na kuahidi kwamba baada ya uchaguzi orodha mpya ingetumwa kwa wote.

Kabla ya kufungua jedwali la matokeo, kila mmoja aandike makisio yake kwenye kipande cha karatasi: barua ile ya majirani iliongeza idadi ya waliojitokeza kwa kiasi gani? Msiipuuze hatua hii mkidhani ni mchezo. Katika kikao kimoja nilichokiongoza, makisio yalianzia chini ya pointi moja ya asilimia hadi pointi ishirini na tano, na mtu aliyeandika ishirini na tano alikuwa ndiye mtakwimu. Ukishaweka namba yako mezani huwezi tena kusikiliza kwa uvivu, kwa kuwa utataka kujua umekosea wapi. Zaidi ya hayo, kukisia kunawafanya wote wawe sawa, kwani hakuna shahada inayomwezesha mtu kuijua namba asiyoiona.

Sasa fungueni jedwali. Katika kundi lisilopata barua, asilimia 29.7 walipiga kura. Katika kundi la barua ya majirani, asilimia 37.8. Tofauti ni pointi 8.1, na kwenye jedwali la regresheni mtaiona imeandikwa 0.081, na chini yake, ndani ya mabano, 0.003. Hiyo namba ya mabanoni ndiyo inayowanyamazisha watu, ilhali kazi yake ni nyepesi kueleza. Watakwimu huiita kosa sanifu, nayo inakadiria tofauti hiyo ingeyumba kiasi gani kama jaribio hilohilo lingerudiwa mara nyingi. Chukueni mara mbili yake, yaani 0.006, mtoe na mjumlishe, mtapata kwamba athari iko kati ya pointi 7.5 na 8.7 hivi. Mtu anayejua kujumlisha na kutoa amekwisha kuisoma regresheni hiyo.

Hapo ndipo mjadala unapoanza, na nakumbuka jinsi ulivyoanza katika kikao kile. Mtu mmoja ambaye hakuwa amesema neno tangu tuketi aliuliza kwa nini waandishi wanasisitiza kwamba hesabu ya kosa sanifu imezingatia kaya, wakati wanaopiga kura ni watu. Wale mahodari walikuwa tayari wamelipita jambo hilo kama la kawaida. Jibu ni kwamba bahati nasibu iliendeshwa kwa kaya, na watu wanaoishi nyumba moja husoma barua moja na mara nyingi huenda kituoni pamoja, hivyo kuwahesabu wanne wa kaya moja kama mashahidi wanne wanaojitegemea ni kujipa uhakika usiokuwepo. Swali lake lilikuwa la kitakwimu kabisa, ingawa yeye mwenyewe alidhani ameuliza jambo la kawaida tu.

Swali la pili lilihusu ni nani waliokuwa ndani ya utafiti. Mkiisoma vizuri sehemu ya mbinu mtakuta kwamba watu ambao hawakupiga kura katika uchaguzi mkuu wa 2004 waliondolewa kwenye orodha. Kwa hiyo zile pointi 8.1 zinawahusu watu ambao walau mara moja katika siku za karibuni walikuwa wamekwenda kituoni, na hazituambii barua hiyo ingemfanya nini mtu asiyepiga kura kamwe. Makala haikuficha jambo hilo, lakini waandishi wa habari wanaotaja matokeo hayo hulisahau, na mwandishi wenu ana sababu ya kitaaluma ya kulishika. Kisha mjadiliane kama ni haki kumtishia raia kwa majirani zake. Huo ni mjadala wa siasa na maadili, na utakuwa bora zaidi ukifanywa na watu wanaojua ukubwa wa namba wanayoijadili.

Hilo linanileta kwenye malalamiko yako kwamba kikao huishia kwenye ubishi wa siasa. Kuupiga marufuku hakusaidii, maana watu hawakuja kusoma siasa kwa sababu hawaijali. Dawa iliyonisaidia ni mpangilio wa muda: katika saa ya kwanza, kila anayesema aonyeshe kwa kidole mstari, safu au kielelezo anachokizungumzia. Baada ya hapo mlango uko wazi. Utashangaa ni hoja ngapi zilizokuwa moto zinapoa zikikosa mahali pa kuwekewa kidole.

Majaribio ya bahati nasibu ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu ulinganisho wake ni wazi. Tafiti nyingi za siasa, hata hivyo, haziwezi kufanywa hivyo: hakuna anayeweza kuzigawia nchi vita kwa kurusha sarafu. Mwaka 2004 Edward Miguel, Shanker Satyanath na Ernest Sergenti walitaka kujua kama kushuka kwa uchumi kunasababisha vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakitumia data za nchi 41 za Afrika za miaka 1981 hadi 1999. Tatizo lilikuwa kwamba vita navyo huangusha uchumi, kwa hiyo uwiano kati ya viwili hivi hauonyeshi kipi kilitangulia. Wao wakatumia mvua, kwa hoja kwamba mvua huathiri ukuaji wa uchumi pale ambapo kilimo kinategemea mvua, wakati vita haviwezi kubadilisha mvua. Walihitimisha kwamba ukuaji ukishuka kwa pointi tano, uwezekano wa vita mwaka unaofuata huongezeka kwa nusu.

Mbele ya makala kama hii watu wengi hukimbilia mlinganyo, na hapo ndipo wasio watakwimu hupotezwa bila sababu. Kiini cha makala hiyo ni dai ambalo halimo kwenye mlinganyo wowote: kwamba mvua haina njia nyingine ya kufikia vita isipokuwa kupitia uchumi. Je, mafuriko hayaharibu barabara na kuwazuia askari na waasi wasisafiri? Je, mvua haibadilishi mahali watu wanapohamia na mifugo yao? Haya ni maswali ya mtu anayejua jinsi vita na kilimo vinavyokwenda, na waandishi wenyewe walilazimika kuyajadili, hasa hilo la barabara. Anayeweza kufikiria njia ya tatu ambayo waandishi hawakuifikiria amechangia kuliko anayeweza kueleza jinsi programu inavyokokotoa makadirio.

Na makala hiyo haikuachwa peke yake. Mwaka 2011 Antonio Ciccone alihoji uamuzi wa kupima mabadiliko ya mvua kati ya mwaka mmoja na mwingine badala ya kiwango chenyewe cha mvua. Hoja yake mtu yeyote anaweza kuifuata: mwaka wa mvua nyingi mno ukifuatiwa na mwaka wa kawaida, hesabu ya mabadiliko itaonyesha kwamba mvua imeshuka, ilhali hakuna mkulima aliyeona ukame. Wawili kati ya waandishi wa awali walimjibu mwaka huohuo. Kwa kikundi kama chenu, jozi ya namna hii ina thamani kuliko makala tatu zisizo na uhusiano, maana mnaona kwa macho jinsi uamuzi mmoja mdogo wa kupima unavyoweza kuyumbisha hitimisho, na mnajifunza kukosoa kutoka kwa watu wanaokosoa kwa adabu na kwa data. Vikundi vipya kwa kawaida hukosoa kwa kusema kwamba sampuli ni ndogo au kwamba uwiano si usababishi, maneno ambayo ni kweli karibu kila mahali na kwa hiyo hayasaidii popote.

Jozi nyingine ninayoipenda, kwa sababu hata mgeni huifurahia, ni ya papa. Julai 1916 papa waliwaua watu 4 katika jimbo la New Jersey, na Christopher Achen na Larry Bartels walidai kwamba wapiga kura wa kaunti za pwani walimwadhibu Rais Woodrow Wilson mwezi Novemba kwa jambo ambalo hakuwa na uwezo nalo. Kwa makadirio yao alipoteza takribani pointi 3 katika kaunti hizo. Mwaka 2018 Anthony Fowler na Andrew Hall walirudi kwenye data, wakapanua uchunguzi hadi mashambulizi mengine ya papa yaliyoua watu katika historia ya Marekani, na hawakupata ushahidi wa kuaminika kwamba papa huathiri chaguzi za urais. Kaunti zilizohesabiwa kuwa za pwani zilikuwa 4 tu. Waulizeni wenzenu, kabla ya kusoma jibu la Fowler na Hall: kama kaunti moja ingewekwa upande mwingine, nini kingetokea? Mtu akilielewa swali hilo amelielewa tatizo la unyeti wa matokeo, hata kama hajawahi kulisikia likiitwa hivyo.

Kuhusu wale wawili waliosomea takwimu, nadhani tatizo halimo katika kujua kwao bali katika kazi mliyowapa, au tuseme ambayo hamkuwapa. Wapeni kazi ya mikono. Data za jaribio la Michigan zinapatikana hadharani, na ni miongoni mwa data zinazotumiwa sana kufundishia. Mmoja wao azipakue, akokotoe wastani wa kila kundi, na alete matokeo kikaoni bila maelezo. Siku namba iliyokokotolewa na mwenzenu itakapolingana na iliyochapishwa, au itakapokataa kulingana, hamtahitaji mtu wa kuchangamsha kikao. Pia wakubali kanuni kwamba watasema mwisho, na kwamba wakiulizwa watajibu swali lililoulizwa, siyo lile ambalo wangependa liulizwe. Kanuni hii nilijiwekea mimi mwenyewe baada ya kuharibu vikao kadhaa kwa kueleza.

Kuna neno moja ambalo ningewaomba wote walifungie kabatini kwa muda, nalo ni kusema kwamba matokeo "yana maana kitakwimu", yaani ni makubwa kiasi kwamba si rahisi kuyadhania kuwa bahati tu. Neno hilo hufunga mjadala pale unapopaswa kufunguka. Gerber na Neil Malhotra walionyesha mwaka 2008 kwamba katika majarida mawili makubwa ya sayansi ya siasa ya Marekani, matokeo yaliyovuka kidogo tu kizingiti kinachozoeleka cha 1.96 (athari iliyokadiriwa ikigawanywa kwa kosa sanifu lake) yalikuwa mengi mno kuliko yaliyokikosa kidogo, jambo ambalo haliwezi kuelezwa kwa bahati. Miaka sita baadaye Annie Franco, Malhotra na Gabor Simonovits walifuatilia tafiti 221 zilizofanywa chini ya mradi mmoja wa majaribio ya kijamii, na wakakuta kwamba zenye matokeo yenye nguvu zilikuwa na uwezekano wa kuchapishwa unaozidi zile zisizo na athari kwa pointi 40. Nyingi kati ya hizo za mwisho hata hazikuandikwa. Msomaji wa majarida, basi, anaonyeshwa kona moja ya chumba.

Ndiyo maana ningependekeza kwamba mara kwa mara mchague makala ambayo haikupata kitu. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyoratibiwa pamoja katika nchi kadhaa, zikiwemo Benin, Brazil, Burkina Faso, Meksiko na Uganda, kuona kama kuwapa wapiga kura habari za utendaji wa wanasiasa wao kunabadilisha kura. Kwa wastani hakukubadilisha. Kikao juu ya makala kama hiyo huwa kigumu kukiongoza kwa sababu hakuna ugunduzi wa kusimulia, lakini humlazimu kila mtu kuuliza kama habari hazikufika, au zilifika zikapuuzwa, au wapiga kura walikuwa wanazijua tayari, na kila jibu linahitaji ushahidi tofauti.

Sasa hesabu. Mnachohitaji ni kuelewa tofauti ya wastani, kosa sanifu, na wazo kwamba regresheni hulinganisha watu au nchi zinazofanana katika mambo yaliyotajwa ili kuona tofauti iliyobaki. Ongezeni hatari ya kuhamisha hitimisho kutoka kwenye maeneo hadi kwa watu, na kwa hilo hakuna mwalimu bora kuliko William Robinson, aliyeonyesha mwaka 1950, kwa sensa ya Marekani ya 1930, kwamba majimbo yenye wahamiaji wengi zaidi yalikuwa na watu wachache zaidi wasiojua kusoma (uwiano wa hasi 0.53, kwenye kipimo cha kuanzia hasi 1 hadi chanya 1), ilhali mtu mmojammoja, mhamiaji alikuwa na uwezekano mkubwa kidogo wa kutojua kusoma (chanya 0.12 hivi). Wahamiaji walikuwa wamehamia mahali ambapo wenyeji walijua kusoma. Somo hilo ni la kikao kimoja, na linatosha kubadilisha jinsi mtakavyosoma kila ramani ya matokeo ya uchaguzi.

Mengine yatakuja yenyewe, na yakichelewa msione haya. Thomas Brambor, William Clark na Matt Golder walipozipitia mwaka 2006 makala 156 za majarida makubwa zilizotumia modeli ambazo athari ya kigeu kimoja (jambo linalopimwa) hutegemea kingine, waliona kwamba takribani asilimia 10 tu zilifuata taratibu zote zinazopaswa kufuatwa. Waliokosea walikuwa wataalamu, na wahakiki wao walikuwa wataalamu pia.

Kikao kijacho, kwa hiyo, acheni slaidi nyumbani na mchukue jaribio la Michigan. Mtu mmoja achapishe nakala nane za ukurasa wenye jedwali la matokeo na kuifunika safu ya namba kwa karatasi. Someni barua zile nne kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, kila mtu aandike makisio yake manne na kuyaweka katikati ya meza, na wa kwanza kueleza sababu za makisio yake awe yule ambaye kikao kilichopita hakusema kitu.